Taa Zako Hazionekani

Mwanaume aliyenigongea dirisha pale kwenye kituo cha mafuta alikuwa na jaketi la rangi ya machungwa, na ndevu zake zilikuwa zimeshika barafu. Nilishusha kioo kidogo tu, kile kipimo cha mwanamke aliye peke yake usiku, ugenini. Akaniuliza kama najua kwamba naendesha gari bila taa.

Nikambishia. Nilimwonyesha alama ya kijani kwenye dashibodi. Nilimwambia hili gari nimelinunua juzi, taa zake ni za LED, haziwezi kuwa zimeungua. Hakubishana na mimi. Aliniita tu kwa kidole: toka uone.

Nikatoka. Mbele ya gari langu hapakuwa na taa. Palikuwa na vilima viwili vyeupe vya theluji iliyogandamana, na ndani kabisa ya kila kilima mwanga hafifu, kama simu iliyosahauliwa chini ya blanketi. Yule mzee, ambaye nilikuja kujua ni dereva wa trela, alichukua brashi akapangusa upande mmoja. Chini ya theluji kulikuwa na barafu, akaivunja kwa kiganja chake kilichovaa glavu. Mwanga ukachomoka ukapiga ukuta wa duka, mweupe pe, mkali kama mchana. Akafanya upande wa pili. Akanipa ile brashi niishike, akaniambia niendeshe polepole, akarudi kwenye trela lake.

Mimi nilibaki nimesimama pale nikiangalia ule ukuta. Sikuwa nafikiria taa. Nilikuwa nafikiria mtu.

*

Ilikuwa Januari, huko Minnesota, mjini Monticello, kando ya barabara kuu ya I-94. Naishi Brooklyn Park, ambako ukiingia dukani Jumamosi utasikia Kiswahili, Ekegusii na Gikuyu kabla hujafika kwenye rafu ya unga. Wakati huo nilikuwa nafanya shifti za usiku kwenye nyumba moja ya wazee huko St. Cloud, kama kilomita 90 kutoka kwangu. Ni mbali, lakini shifti ya usiku ina nyongeza, na nyongeza ina wenyewe: karo ya mdogo wangu, dawa za nyumbani, na sasa mkopo wa gari.

Hilo gari nilikuwa nimelipigia debe sana. Nilituma picha zake kwenye grupu ya familia, usiku, taa zikiwa zimewashwa ili waone vile zinang'aa. Mjomba akaandika, "Hiyo taa inaona mpaka kesho." Watu wakaweka zile emoji za kucheka na za moto. Gari langu la kwanza huku lilikuwa mkweche wa miaka mingi, taa zake za manjano kama chai ya maziwa mengi, na sikuwahi kulipiga picha hata moja.

Usiku ule nilitoka nyumbani saa tatu. Theluji ilikuwa inaanguka lakini si ile ya kutisha. Baridi ilikuwa kidogo chini ya sifuri, na kwa watu wa huku hiyo ni hali ya hewa ya kushukuru. Sikujua bado kwamba hiyo ndiyo theluji mbaya zaidi kwa taa. Baridi ikizidi kabisa, theluji huwa kavu kama unga na sehemu kubwa hupeperuka. Ikikaribia sifuri huwa na unyevu, inanata. Inagonga uso wa gari na kukaa hapo hapo. Halafu ongeza maji machafu ya chumvi yanayorushwa na magurudumu ya malori yaliyo mbele yako, yanafika kwenye taa yako na kuganda.

Kama dakika kumi kabla ya Monticello nilianza kuona giza limezidi. Neno "kuona" hapo si sawa, kwa sababu sikuona kitu kimebadilika. Nilihisi tu kwamba nimesogea mbele kwenye usukani, kidevu kiko karibu na kioo. Nikapunguza mwendo. Nikasema ni uchovu, nimefanya shifti nne mfululizo. Nikasema ni macho. Nikasema ni hii barabara, huku nje ya mji hakuna taa za barabarani. Nilitafuta sababu zote isipokuwa ile iliyokuwa mita mbili mbele yangu.

Nikajaribu kuwasha fulu. Ikawa ni kama nimerushiwa shuka usoni, kwa sababu mwanga kidogo uliokuwa ukipenya ulipiga chembe za theluji hewani na kunirudia. Nikarudisha dimu. Na hapo, upande wa kulia, kitu kikapita.

Kilikuwa kirefu, cheusi, na kilikuwa na kanuru kadogo juu, kakipunga. Kilipita karibu sana na kioo cha pembeni. Nilijiambia ni kibao cha barabara. Nilijiambia hivyo kwa sauti, peke yangu ndani ya gari, na nikaendelea kuendesha hadi Monticello, ambako niliingia kununua kahawa.

Niliposimama pale mbele ya ukuta na brashi ya mtu mkononi, ndipo nilipokubali kwamba vibao vya barabara havipungi. Yule alikuwa mtu. Gari lake lilikuwa limeteleza likaingia mtaroni, naye alikuwa amesimama kando ya barabara akiwasha tochi ya simu ili sisi tunaopita tumwone. Yeye naye alikuwa anaangalia huku na hakuona gari likija, kwa sababu mimi nilikuwa nimekuja bila taa.

Nikapiga 911. Sauti ya upande wa pili ilikuwa tulivu. Ikaniambia wengine wameshapiga kuhusu mtu huyo huyo, polisi wa barabara kuu wako njiani, asante. Sikumwambia kwamba nilikaribia kumgonga. Hakuniuliza.

*

Nilifika kazini nimechelewa, mikono ikitetemeka, na mtu wa kwanza niliyemsimulia ni kaka mmoja wa Nyamira ambaye amekaa huku miaka mingi na tunapishana naye shifti. Yeye alicheka kwanza, kile kicheko cha mtu aliyepitia. Kisha akanieleza vizuri, na baadaye nilisoma mwenyewe nikakuta alinieleza sawa.

Balbu ya halojeni, ile ya magari ya zamani, inatoa mwanga kwa kuchoma uzi mwembamba wa chuma cha tangsteni mpaka unawaka. Umeme mwingi unaoingia humo unageuka kuwa joto, si mwanga. Joto hilo linakwenda mbele pamoja na mwanga, linapasha kioo cha taa, na theluji ikitua pale inayeyuka. LED haifanyi hivyo. Inatumia umeme kidogo kwa mwanga mwingi, na joto lake linabaki nyuma ya taa, kwenye mabati ya kulipunguza. Mwanga unaotoka mbele ni baridi. Kioo cha taa kinabaki na baridi ya nje, na theluji inakikalia kama inavyokalia jiwe.

"Gari yako ya zamani ilikuwa inaharibu umeme," akaniambia. "Sasa huo umeme wa kuharibika ndio ulikuwa unakupanguzia taa. Wewe hukujua tu."

Hilo neno lilinikaa. Miaka yote nilidhani kwamba mimi ni dereva mzuri wa theluji.

Wamarekani wenyewe walijifunza jambo hili kwa gharama. Miji mingi ilipobadilisha taa za kuongoza magari barabarani na kuweka LED ili kuokoa umeme, dhoruba zikaja, theluji ikaziba zile rangi, watu wakafika kwenye makutano wasijue ni nyekundu au ni kijani. Mwaka 2009 dereva mmoja mwanamke aliuawa kwenye makutano huko Illinois, taa zikiwa zimezibwa namna hiyo. Yaani hizo taa zilikuwa zinawaka. Hazikuwa zinaonekana tu.

Kwa hiyo kuna dawa, na zote ni za kazi ya mkono. Kabla ya kuondoka pangusa gari lote, si kioo cha mbele peke yake. Theluji ya juu ya paa na ya bonneti inateremka na kurushwa, inakuzibia wewe ama inamwangukia aliye nyuma yako. Taa zipanguse kwa brashi laini au kitambaa. Kikwaruzo cha barafu ni cha vioo, lakini taa za siku hizi ni plastiki, ukizikwaruza zinabaki na ukungu wa kudumu. Usimwage maji ya moto, kwa sababu baridi na moto vikikutana ghafla kitu hupasuka, na hayo maji yataganda tena. Kaka wa Nyamira huwa anazipaka nta ya gari mwanzo wa msimu. Inasaidia kidogo, anasema, kama mafuta kwenye sufuria: bado utaosha, lakini haitang'ang'ania. Kuna magari yana vinyunyizio vya kuosha taa, na mengine yana nyaya za kupasha kioo joto. Langu halina. Wengi wetu hayo hayajatufikia.

Njiani kaa mbali na lori lililo mbele. Na mara kwa mara toka kwenye barabara kuu, usisimame kandokando yake, ingia kituo cha mafuta, shuka, zunguka gari, angalia taa za mbele, angalia za nyuma. Hilo la kushuka ndilo kubwa. Ukiwa ndani, alama ya kijani itakuambia kila kitu kiko sawa. Alama hiyo inajua swichi iko wapi. Haijui kilicho nje.

*

Kitu kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimefundishwa haya nikiwa mtoto.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alibeba kabeji na viazi kutoka Njabini, akishuka hadi Flyover, akiingia barabara ya Nakuru kuelekea Nairobi, mzigo ufike Marikiti kabla hakujakucha. Likizo ya shule nilikuwa nampigia magoti anibebe. Nilikuwa tanboi wake wa Agosti. Na mtu yeyote aliyepita Kinale usiku wa Agosti anajua ukungu wa pale. Unakuwa mbele ya lori kama ukuta, na mvua ile nyembamba isiyoisha, na matope yanayorushwa na kila gari linalokupita.

Tukifika Soko Mjinga, Baba alikuwa anasimama hata kama hatununui kitu. Alinirushia kitambaa. "Maitu," ndivyo anavyoniita, kwa sababu nimebeba jina la mama yake, "hebu panguza macho ya gari." Nikashuka na baridi yangu, nikapanguza taa mbili za mbele, nikazunguka nikapanguza za nyuma. Siku moja nilinung'unika. Nilimwambia mbona sasa, si tunaona vizuri tu. Akaniambia taa si ya kuona peke yake, ni ya kuonekana. Wewe unaweza kuijua hiyo barabara na macho yamefungwa, akasema, lakini yule anayevuka na mkokoteni hakujui.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilifikiri anazungumza ili kunifanya nifanye kazi.

Baba aliacha kuendesha miaka michache iliyopita. Alituambia ni mgongo. Sote tulikubali, kwa sababu dereva gani wa lori hana mgongo? Nikimpigia simu kutoka huku ananiambia yuko fiti, nami namwambia niko sawa, kazi ni poa, tunaongea kuhusu mvua na bei ya viazi, tunakata. Tulikuwa tunafanya hivyo kila wiki. Sikuwahi kumwambia kwamba kuna wiki nilala saa tatu kwa siku, wala kwamba nilikuwa nalia nikiendesha kurudi asubuhi.

Asubuhi ile baada ya Monticello nilimpigia. Kwake ilikuwa jioni. Nilitaka kumchekesha tu, kumwambia mtoto wake wa kupanguza macho ya gari ameendesha bila macho. Nilianza kama kichekesho. Nilipofika kwa yule mtu wa tochi sauti ikakatika.

Baba akanyamaza. Nilidhani laini imekatika. Kisha akasema, "Maitu, mimi pia niligonga mtu."

Hajawahi kuniambia. Hajawahi kumwambia Mama pia, nilikuja kujua. Ilikuwa Marikiti, alfajiri, anarudisha lori. Kijana wa mkokoteni alikuwa upande wake wa kushoto. Hakumwona kabisa. Kijana aliumia mguu, akapona, Baba akamlipia matibabu kimya kimya. Lakini kilichomtisha si ajali. Ni kwamba watu wote waliokuwa pale walimwambia kijana alikuwa wazi kabisa, amevaa shati jekundu, anapiga mluzi. Baba akaenda kliniki ya macho peke yake. Wakamwambia ni presha ya macho, glakoma, na kwamba amekaa nayo muda mrefu.

Nafanya kazi na wazee, kwa hiyo glakoma naijua. Aina iliyo ya kawaida zaidi haiumi. Huanza kula pembeni mwa unachoona, kidogo kidogo, na ubongo unajaza hizo nafasi, kwa hiyo mwenyewe haoni kwamba haoni. Kilichopotea hakirudi. Matone ya dawa yanazuia kisiendelee, kama utayaweka kila siku. Najua pia kwamba sisi watu weusi tuko kwenye hatari zaidi, na kwamba ukiwa na mzazi mwenye glakoma unapaswa kupimwa. Haya yote nilikuwa nayajua. Nilikuwa nawawekea wazee wa watu matone St. Cloud, kila mtu kwa saa yake, na baba yangu alikuwa anaweka yake siku anazokumbuka.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Wewe ulikuwa unasema uko sawa," akanijibu. "Mimi ningesema nini?"

*

Sijaacha shifti za usiku. Nimepunguza, nimehama kwenda nyumba ya wazee iliyo karibu na kwangu, nyongeza ni ndogo. Mdogo wangu ameambiwa ukweli kuhusu pesa na hakufa. Nimepimwa macho, yako salama, nitarudi kila mwaka. Kwenye buti nina brashi mbili, yangu na ile ya dereva wa trela, ambayo sikuwahi kupata nafasi ya kumrudishia.

Yule mtu wa tochi sijui jina lake. Siku hizi ninapoona mtu kando ya barabara naingia kituo cha kwanza na kupiga simu, hata kama najua wengine wameshapiga.

Na tuna utaratibu mpya mimi na Baba. Majira ya baridi, saa tatu usiku kwangu ni saa kumi na mbili asubuhi kwake. Huo ndio wakati wake wa matone, na ndio wakati wangu wa kutoka. Nampigia nikiwa bado nje, gari linaunguruma, hita inafanya kazi yake, mimi nazunguka na brashi. Naiweka simu kwenye bonneti, sauti juu.

"Umeweka dawa?"

"Ngoja kwanza." Nasikia kikombe, nasikia redio, nasikia Mama akimwambia ainue kichwa. "Haya. Nimeweka. Macho mawili. Wewe umepanguza?"

"Za mbele tayari."

"Na za nyuma?"

Siku nyingine nakuwa sijafika za nyuma. Namwambia angoje. Anangoja.